Mguu wa Kushoto wa Baba Benja

Mume wangu ana gari moja na mke mmoja, na kwa miaka mingi sikuwa na uhakika ni nani kati yetu anayepanguswa vumbi kwa upendo zaidi.

Gari lenyewe ni Datsun la mbio la mwaka sabini na mbili, milango miwili, viti viwili, rangi ya papai. Liko chini kiasi kwamba majirani zetu hapa Ibadakuli, Shinyanga, karibu na uwanja wa ndege, wanaliita Mjusi. Bujiku, ambaye tangu tupate mtoto namwita Baba Benja, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Meneja wake alipofunga virago kurudi kwao Ulaya alimwachia ufunguo na kumwambia, wewe ndiye pekee unayelielewa. Maneno hayo usimwambie mwanamume, atakaa nayo maisha yake yote. Mwaka uliofuata alikuja nalo kwetu kunichumbia. Ng'ombe wakakimbia, mama akakimbia, mimi Klara nikabaki. Kile kiti cha pili kimekuwa changu tangu siku hiyo.

Machi mwaka jana kiharusi kilimpitia. Daktari alisema ni kidogo, tumshukuru Mungu. Baada ya miezi mitatu mdomo ulikuwa umenyooka na mkono unashika kikombe. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma, anauburuta kidogo akichoka. Siku alipoona amepona alivaa shati safi, akaingia ndani ya Mjusi, akawasha. Injini ikaitika. Akakanyaga klachi, akasukuma gia, na gia ikalia ule mlio wa vyuma vinavyosagana ambao hata mimi nisiyejua kitu najua si mzuri. Akajaribu mara tatu. Akazima, akashuka, akalifunika gari turubai.

Watu aliwaambia Mjusi amechoka. Mimi aliniambia ukweli tukiwa tunakula, macho yake kwenye ugali.

"Mguu haufiki chini, Mama Benja. Nakanyaga kwa nguvu zangu zote, lakini haufiki. Umekufa."

Kuanzia hapo akawa mtu wa kiti. Anakaa barazani kuangalia ndege zinazotua uwanjani, na moja ikichelewa ananiita kuniambia. Mtu aliyekuwa anafungua injini na kuifunga kabla chai haijapoa! Nilimwonea huruma mpaka huruma ikageuka hasira, maana huruma yangu haikai muda mrefu bila kugeuka kitu kingine. Na kwa huruma hiyohiyo nikaanza tabia ya kumwambia mazuri tu. Leo huchechemei, Baba Benja. Leo umenawiri. Uongo mtupu, lakini niliona unamsaidia.

Sasa nimtaje Zipora. Ni mke wa Benjamini, mtoto wetu wa pekee, anayefundisha sekondari kule Nyasubi, Kahama. Zipora ni Mzinza wa Nkome, mama yake anaanika dagaa pale ufukweni mwa ziwa, na yeye ni fundi wa yale malori ya mgodini Geita ambayo gurudumu lake moja ni refu kuliko mlango wangu. Anafanya kazi wiki mbili, anapumzika moja. Katika mapumziko huja kutusalimia na mfuko wa dagaa, na kabla chai haijaiva ameshatengeneza bomba linalovuja na kitasa kilichokaza. Nampenda yule msichana. Sijui Benjamini alimpata kwa akili gani, maana akili hiyo hajawahi kuionyesha kwenye jambo lingine.

Lakini Zipora ni mkwe, na kwetu ukwe ni ukwe. Wengine mjini wameshaacha, wanakula meza moja na baba mkwe na kupeana mikono kama wako kwenye kampeni. Baba Benja hakuacha. Mke wa mwanawe hampi mkono, hakai naye sebuleni, hali mbele yake, na wakiwa na la kuambizana wanalipitishia kwangu hata kama wako hatua tatu tu. "Mama Benja, mwulize mgeni wako safari ilikuwaje," anasema, na Zipora yupo palepale, ameinamisha kichwa. Na Zipora naye amelelewa, hajawahi kuvuka mpaka hata siku moja. Kwa miaka miwili nimekuwa posta ya nyumba hii.

Mwezi wa sita mwaka huu nilitaka kuanika mahindi kwenye ile sakafu ya saruji ambayo Mjusi ameikalia. Baba Benja alikuwa amekwenda kunyolewa. Nikampa Zipora ufunguo asogeze gari. Akawasha, akakanyaga, akasukuma gia, na gia ikalia mlio uleule. Akarudia. Halafu akashuka, akalala chini kwenye vumbi na gauni lake, akachungulia, akainuka akipangusa viganja.

"Mama, baba alisema ni mguu wake ndio haufiki chini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mbona miguu yangu ni mizima na gia imenilia hivihivi? Hii ni klachi, mama. Imekwisha. Mguu wa baba hauna kesi."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi, nikalia kidogo, nikafuta machozi, nikamsubiri mume wangu. Aliporudi nilimpa habari yote bila kupunguza neno. Akanitazama kwa upole, akasema, "Unanibembeleza." Lakini jioni ile nilimwona akiinua pembe ya turubai na kuchungulia kama mtu anayemwangalia mgonjwa aliyelala.

Siku ya tatu akatoa amri. "Mwambie mgeni wako atafute klachi. Tutaibadilisha hapahapa nyumbani, fundi wa mtaani simtaki karibu. Na ikikataa na hiyo mpya, basi ni mguu. Benjamini aje alivute gari alipeleke anakojua, na mtu asinisemeshe tena."

Zipora aliipata Mwanza. Ilikuwa ya pikapu ya zamani ya jina lilelile, akasema inaingia bila shida. Mapumziko yaliyofuata alifika nayo mfukoni pamoja na dagaa.

Tatizo likawa moja. Kubadilisha klachi ya Mjusi lazima giaboksi ishuke, na giaboksi ni chuma kizito kama gunia la mpunga; inatakiwa watu wawili walale chali chini ya gari, bega kwa bega, waipokee kwa mikono na vifua. Mimi na magoti yangu haya nikilala chini nitainuliwa na majirani. Benjamini alikuwa amebanwa na mitihani ya shule. Waliobaki ni mkwe na mkwe.

Baba Benja alitafakari tangu asubuhi hadi saa nne. Kisha akasema, "Tundika shuka."

Gari lilipoinuliwa kwa jeki nilitundika shuka langu la maua, lile nililopewa na akina mama wa jumuiya, katikati ya uvungu wa gari, kutoka bomba la moshi hadi mbele, likagawa ule uvungu vyumba viwili. Baba Benja akaingia kwa kushoto, Zipora kwa kulia. Mimi nikaweka kigoda mbele ya pua ya Mjusi, nikafungua posta.

"Mama Benja, mwambie alegeze bolti ya juu."

"Zipora, legeza bolti ya juu."

"Mama, mwambie baba imeshatoka."

"Baba Benja, imeshatoka."

"Mwambie ashike kwa mikono miwili, inakuja."

Nilipomaliza kusema inakuja, ilikuwa imeshakuja. Kukasikika kishindo na miguno miwili, shuka likatuna huku na huku.

"Mama Benja, ameumia?"

"Mama, baba ameumia?"

Wote wawili waliniuliza mimi niliyekaa juani mzima wa afya. Nikawaambia hakuna aliyekufa, endeleeni.

Klachi ya zamani ilipotoka Zipora alinipa nikampelekea mume wangu upande wa pili. Ilikuwa imelika hadi kwenye riveti, na vidole vya chuma vya kifuniko chake vimepinda. Baba Benja aliigeuza mikononi muda mrefu. Halafu akaanza kuimba kwa puani, wimbo wa ngoma za mavuno za ujana wake. Mwaka mzima na zaidi sikuwa nimeusikia.

Sahani mpya ya klachi alitaka aifunge mwenyewe. Zipora akatoka uvunguni kwa heshima, akaja kukaa nami kuchambua dagaa. Ili sahani ikae katikati kabisa Baba Benja alihitaji kijiti cha kuishikilia kwenye tundu lake, akaingia jikoni kwangu bila hodi, akatoka na mwiko wangu wa ugali, akachonga mpini wake kwa kisu na kuuzungushia utepe mpaka ukaenea. Nilipiga kelele. Akasema atanichongea mwingine. Mpaka leo nasonga kwa mwiko wa kuazima.

Tulikuwa tumekaa mahali tunapoona uvungu wote. Ghafla mikono ya Zipora ikasimama ndani ya dagaa.

"Mama," akaninong'oneza. "Sahani ameigeuza. Ule upande wenye kifua, uliotuna katikati, unatakiwa uangalie giaboksi, yeye ameuelekeza kwenye injini. Ina maandishi, ila ni madogo na baba hajavaa miwani. Mwambie ameiweka kinyume, aitoe kabla hajafunga."

Hapo ndipo mimi Klara nilipofanya nilichofanya.

Mume wangu alikuwa anaimba. Alikuwa amelala chali, grisi kwenye kipara, na ule mguu wake wa kushoto ulikuwa unapiga mdundo kwenye vumbi bila yeye kujua. Nimwambie kwamba mke wa mwanawe anasema amekosea? Yeye, kwa gari lake mwenyewe? Nikalichukua neno la Zipora, nikalipaka asali kama nilivyozoea.

"Baba Benja, mkweo anauliza kama sahani imekaa vizuri."

"Imekaa kama mtemi kitini! Mwambie mimi kazi hii nilianza kabla baba yake hajajua kutupa nyavu."

Nikacheka. Nikamgeukia Zipora nikamwambia iko sawa, ameangalia. Aliangalia chini kama mkwe anavyotakiwa kuangalia. "Sawa, mama," akasema, akaendelea na dagaa.

Alasiri giaboksi ikarudi juu kwa shuka na posta kama ilivyoshuka. Bolti zikakazwa, jeki ikatolewa. Baba Benja alinawa, akabadilisha shati, akaingia na kukaa. Aliwasha. Nilimwona akivuta pumzi na kushusha lile goti la kushoto, polepole, hadi mwisho. Akasukuma gia.

Ikalia.

Akarudia, ikalia. Mara ya tatu hata hakusukuma kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu. Akazima. Akashuka, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea ufunguo mapajani.

"Mpigie Benjamini," akasema, akaingia ndani akiuburuta mguu kuliko siku zote.

Zipora alikuwa amesimama na spana mkononi. "Mama, ulimwambia?"

"Niliuliza kama imekaa vizuri."

"Mama, sikukutuma kuuliza."

Alisema bila ukali, na bora angekuwa mkali. Waswahili husema mjumbe hauawi, lakini nadhani walikuwa wanamfikiria mjumbe anayefikisha. Niliingia ndani mbio na magoti yangu. Baba Benja alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hata ndege haangalii.

"Baba Benja, si mguu. Sahani uliiweka kinyume. Zipora aliona, akaniambia, mimi ndiye sikukuambia."

Akatabasamu, na lile tabasamu sitalisahau. "Mama Benja. Mwaka mzima unaniambia sichechemei."

Nilikuwa nimemlisha asali hadi ulimi wangu umekosa ladha kwake. Ningeapa kwa Biblia asingeniamini, na ilikuwa haki yake. Nikatoka nje, nikamwambia Zipora ukweli wote.

"Hanisikii. Mimi amenizoea. Wewe hujawahi kumwambia neno hata moja, la uongo wala la kweli."

Akaelewa ninachomwomba. Uso wake ulibadilika. Kwa mkwe wa kwetu kuingia sebuleni kwa baba mkwe na kumsemesha uso kwa uso si jambo dogo. Kuna nyumba ambako mkwe amewahi kurudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Alitazama mlango. Akaweka spana chini, akavua viatu, akaingia vilevile na ovaroli yake ya mgodini yenye mafuta. Nikamfuata.

Alipiga magoti mbele ya kiti. Baba Benja alishtuka, akageuza uso ukutani kama ilivyo desturi.

"Baba," Zipora akasema. "Sahani umeiweka kinyume. Niliona kwa macho yangu. Nilimtuma mama kwa sababu ya heshima, na heshima yangu ndiyo imekukosesha gari. Nisamehe. Mguu wako haujafa."

Nje kuku wangu walikuwa wanamalizia dagaa, nikawaacha.

"Mama Benja," mume wangu akauambia ukuta, "mwambie..."

"Mimi leo posta imefungwa," nikasema. Nilishangaa mwenyewe.

Basi Zipora akafanya kitu ambacho hata leo nikisimulia nywele zinanisimama. Alichukua ule mguu wa kushoto wa baba mkwe wake, akauvua ndala, akaweka viganja vyake viwili chini ya unyayo, akauinua kidogo.

"Kanyaga, baba. Kanyaga kama klachi."

Baba Benja aligeuza uso. Alimwangalia yule msichana, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie ukoo wetu. Nilifikiri atauvuta mguu. Nilifikiri atatufukuza wote wawili. Akakanyaga kidogo tu, kwa haya.

"Hiyo siyo klachi, baba. Hiyo ni kengele ya baiskeli."

Akakanyaga. Mikono ya Zipora, hiyo inayofungua magurudumu ya mgodini, ikasukumwa nyuma, viwiko vikapinda, akateleza kwa magoti yake juu ya mkeka, mgongo ukaenda kugonga kabati la vyombo. Vikombe vikalia. Akabaki amekaa pale chini, ameushika unyayo wa baba mkwe kifuani, anacheka na machozi yanamtoka.

"Huu ndio umekufa?" akauliza.

Midomo ilikuwa inamcheza Baba Benja. Niliketi sakafuni palepale nilipokuwa, nikalia kwa sauti bila aibu, maana nilijua ningeweza kumwacha afe kitini kwa ajili ya maneno yangu matamu.

Wazee wa ukoo wakisikia na wakidai mbuzi wa kusafisha ukwe, tutatoa mbuzi. Nimeshamchagua, yule mweupe mwenye ubishi.

Kesho yake asubuhi walilala tena chini ya Mjusi. Nilileta shuka langu, limejaa grisi, nikauliza nilitundike wapi. Walikuwa wanabishana.

"Miwani, baba."

"Naona."

"Jana pia ulikuwa unaona."

Nikasikia akiomba miwani, nikampelekea, nikalirudisha shuka kwenye beseni. Sahani ikageuzwa, kifua kikaangalia kinakotakiwa, mwiko wangu ukafanya kazi yake ya pili. Saa saba mchana chuma kilikuwa juu na jeki imetoka.

Baba Benja aliingia, akawasha, akakanyaga. Gia iliingia kimya kabisa, kama mkono unaoingia mfukoni. Hakuangalia gia. Aliinama akaangalia mguu wake wa kushoto, akaupigapiga kwa kiganja juu ya goti, kama anavyompiga ng'ombe aliyerudi mwenyewe zizini. Halafu akanitazama kupitia kioo, na mimi nikaanza kupangusa mikono, maana kile kiti cha pili ni changu.

Akatikisa kichwa kidogo, akicheka. Gari likijaribiwa, kwenye kiti hicho hukaa fundi.

Nilimgeukia Zipora nimpelekee ujumbe, kwa mazoea, nikiwa nimeshafungua mdomo. Lakini mume wangu alikuwa ameinama kwa ndani na kuusukuma mlango wa pili ukafunguka.

"Wabeja, ng'wanone," alimwambia yeye mwenyewe, kwa Kisukuma, kama anavyomshukuru mtoto aliyemzaa. "Panda twende."

Wakaondoka na vumbi lao. Nikabaki getini na mdomo wazi, posta isiyo na barua.